Maziwa Yangu Yaliyogoma Kuganda

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nusu ya Mikindani inakunywa maziwa yangu. Juzi Mama Somoe, muuza mtindi, alinirudishia ndoo ya maziwa.

"Baba Zuhura, siku ya tatu leo, hayagandi!"

Nikacheka mbele ya wateja. "Maziwa yangu safi, mama. Hayana mdudu wa kuyagandisha!"

Nikachota humo kikombe kizima, nikanywa, wakanipigia makofi, nikajiona profesa. Kumbe bwana mifugo yumo kwenye foleni.

"Mzee, yule ng'ombe niliyemchoma sindano ya ugonjwa wa kiwele, si nilikwambia maziwa yake umwage wiki nzima?"

"Mbona kapona siku ya pili!"

"Kapona yeye. Dawa bado imo kwenye maziwa, inaua wadudu wa kuyagandisha, ndiyo maana hayagandi. Na watu unawanywesha!"

Makofi yakakatika. Mama Somoe akanisogezea ndoo. "Haya, profesa, malizia."