Asali Iliyoninenepesha Huku Nna Njaa

Assalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu wa benchi hili la kliniki ya sukari. Nesi kaniambia, "Fundi Haji, zungumza na wenzako kidogo, daktari yumo wodini, atachelewa." Haya. Mie si mtu wa kusimama mbele za watu, na kusimama kwenyewe bado kunanichosha, kwa hiyo mtanisamehe nikizungumza nimekaa. Nataka kukwambieni jinsi nilivyonenepa na huku sili, na hakuna mtu hata mmoja aliyenisadiki.

Kazi yangu kushona kanzu, pale Kikwajuni, chumba cha mbele nyumbani kwangu. Nilikuwa mwembamba. Mke wangu, Mwanajuma, akinitania kuwa nikivaa kanzu yangu mwenyewe naonekana kama kanzu iliyoanikwa. Kila ikikaribia Idi najishonea nguo mpya, na vipimo vyangu naviandika kwenye daftari la wateja: shingo, kifua, tumbo, mkono wa juu, na paja kwa ajili ya suruali.

Miaka mingi ya kuinamia cherehani ikanipa mgongo. Maumivu yanaanzia kiunoni yanashuka mpaka kisigino. Siku moja barazani jamaa akaniambia kuna mtu anauza asali iliyochanganywa na habasoda, dawa ya viungo hiyo, kila anayeitumia anaisifu. Nikainunua. Chupa haina karatasi, haina jina, asali nyeusi yenye uchungu kidogo. Mwanajuma akawa ananitilia kijiko kimoja kwenye chai ya asubuhi. Siku ya tatu mgongo hauniumi! Wallahi niliinuka kitandani nikacheza.

Mwezi wa pili uso ukaanza kujaa. Kila ninayekutana naye, "Mashaallah Fundi, umenawiri! Mwanajuma anakutunza." Nami nikafurahi, nisiseme uongo. Mwanamme akinenepa sifa anapewa mke, na Mwanajuma akawa anatembea mtaani kichwa juu.

Kisha likaja tumbo. Likavimba, likawa na michirizi ya rangi ya zambarau, mipana kama kidole, kana kwamba ngozi inataka kupasuka. Nyuma ya shingo nikaota nundu. Ngozi ya mikono ikawa laini mno, nikijigonga kidogo tu mlangoni panakuwa peusi, na mara nyengine panachanika. Kiu haikatiki, chooni nnakwenda kila saa. Nikaenda zahanati, nikapimwa, nikaambiwa nina sukari na presha, nikapewa vidonge.

"Mzee, punguza kula," daktari wa kwanza akaniambia. "Chipsi, soda, mikate, acha."

"Mwanangu, mie chipsi situmii."

Akatabasamu. Tabasamu lile nalijua, ndilo ninalowapa wateja wanaoniambia kanzu yao imesinyaa kwa kufuliwa.

Basi nikajinyima. Boflo nikaacha, wali nikaacha, chapati nikaisahau. Mchana kipande cha muhogo na samaki, usiku chai. Na njaa ile, jamani, haikuwa njaa ya kawaida. Nikipita mbele ya karai la bajia naziba pua. Lakini asali siachi, kwani asali chakula? Na dawa pia siihesabu, maana kila daktari akiniuliza "Unatumia dawa gani nyengine?" namjibu hakuna, na moyoni nna amani kabisa. Asali na habasoda kwangu mie ilikuwa sunna, jambo la kheri. Nikaona nguvu zinapungua, nikaiongeza, kijiko kikawa viwili.

Tumbo likaendelea. Mchana mmoja Mwanajuma akaniwekea sahani mbele, akakaa kunitazama. Nikala nusu, nikaisukuma.

"Hapa nyumbani huli," akasema. "Tumbo linakua. Unakula kwa nani?"

"Kwa nani tena? Sili popote."

"Umeoa. Sema tu umeoa, nami nijue moja. Yuko mwanamke anakupikia."

Nikacheka, nikidhani utani. Nikamtazama, machozi yanamtoka. Nikaapa. Nikanyanyuka nikashike msahafu, akanizuia, "Usiniletee msahafu kwenye mambo ya sahani." Kesho yake akafunga nguo zake akaenda kwao Makunduchi. Siku kumi na moja nimekaa peke yangu. Nikawa najitilia asali mwenyewe, sasa vijiko vitatu, ndiyo iliyokuwa ikinipa nguvu ya kukanyaga cherehani.

Hili linalofuata bado naona haya kulisema. Ijumaa, msikitini, tuko kwenye sijda. Imamu akatoa takbira, safu nzima ikainuka. Mie nikabaki chini. Nnajisukuma kwa mikono, mapaja hayataki. Nasikia Fatha inasomwa juu yangu, na paji la uso langu liko kwenye busati. Nikasema, Ya Rabbi, nimekufanya nini? Walipotoa salamu watu wawili wakanishika makwapani wakaninyanyua, na mmoja, tena rafiki yangu, akaninong'oneza huku anacheka, "Fundi, punguza biriani." Nilitoka nikakaa barazani mwa msikiti nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nilikuwa nimeshachoka. Nilijua nakufa, na nilijua kwenye mazishi yangu watasema alikula kupita kiasi.

Habari zikafika Makunduchi. Asubuhi yake Mwanajuma huyo, mlangoni, na mkoba wake.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Umekuja kumtafuta mke mwenzio?"

"Angekuwepo angekuja kukuinua," akasema, akaingia ndani.

Nguo zote zilikuwa zimenibana, ikabidi nijipime upya. Mikono yangu haifiki nyuma, kwa hiyo Mwanajuma akashika tepu na mie nikashika daftari. Tumbo limezidi inchi tisa kuliko Idi iliyopita. Shingo imezidi inchi mbili. Mkono wa juu, akasema namba, nikamwambia pima tena. Akapima tena. Mkono umepungua. Paja limepungua inchi tatu nzima! Nimewapima watu tangu nina ndevu mbili, nawajua wanaonenepa. Kitambi kinatangulia, sawa, lakini mapaja nayo yanafuata, mikono inafuata. Sijapata kumwona mtu anayejaa katikati huku miguu yake inakwisha. Mwanajuma akakaa kitako, tepu mkononi. "Baba Salum," akasema, "hii si sahani ya mtu."

Tukaja hapa na daftari letu. Daktari alikuwa binti mdogo, nikasema moyoni, haya, na huyu ataniambia niache chipsi. Akazisoma zile namba zote. Akaniambia nifunue tumbo, akaitazama michirizi, akanigusa nundu ya shingo, akaniambia niinuke kwenye kiti bila kushika. Sikuweza.

"Mzee, unakunywa vidonge vyovyote? Unachoma sindano za maumivu? Unapaka krimu?"

"Hakuna, ila vya sukari na presha, binti yangu."

Akamgeukia mke wangu. "Mama, hebu niambie anachokula toka anaamka. Kila kitu."

"Chai ya rangi," Mwanajuma akasema, "na asali yake ya mgongo."

Yule binti akaweka kalamu chini. Akatueleza taratibu. Kuna dawa kali za maumivu na uvimbe, jamii ya steroidi. Hospitali zinatumika kwa kipimo, na zinaokoa watu. Wengine wanazisaga wanazitia kwenye dawa za mitishamba, na kwenye asali, ili mteja apone haraka arudi. Ukizinywa miezi, mafuta ya mwili yanakimbilia usoni, shingoni na tumboni, nyama za miguu zinaliwa, sukari inapanda. Na vile vitezi vilivyo juu ya figo, vinavyotengeneza kitu kama hicho mwilini, vinalala, maana kazi yao inafanywa na chupa. "Kesho niletee hiyo asali," akasema. "Lakini usiiache ghafla. Umenisikia, mzee? Usiiache mpaka nikuone."

Nilimsikia. Nilifika nyumbani nikaimwaga yote chooni! Hasira, jamani. Mwaka mzima natukanwa mlafi, mke wangu ananililia mke mwenza asiyekuwepo, kumbe ni kitu hiki. Na kesho sikurudi hospitali, najiona mjanja, ugonjwa nshautupa. Siku ya tatu nikaanza kutapika. Siku ya nne maji hayakai tumboni, macho yanaona kiza mchana kweupe, Mwanajuma ananiita nasikia sauti iko mbali. Akanikuta nimelala sakafuni, baridi. Akaita majirani, na kabla ya kutoka akaiokota ile chupa, chini mlikuwa mmebaki ukoko wa asali. Akili ya yule mwanamke ndiyo iliyoniweka hapa.

Nikatiwa dripu na sindano. Nilipopata fahamu nikauliza nimepewa nini, nikaambiwa ni dawa ya jamii ile ile.

"Ile ile iliyoniua?"

"Ile ile," binti akasema. "Ila sasa tunakijua kipimo chake, na tutaipunguza mpaka tezi zako ziamke."

Hayo ndiyo yaliyonivunja kuliko yote. Miezi tisa nimemeza, robo kidonge kwa robo kidonge, na kila ikipunguzwa nalala kama mgonjwa wa malaria. Ukoko ukapimwa, na kweli ilikuwemo. Yule muuzaji sikumwona tena.

Alhamdulillahi, uso umerudi kuwa wangu. Tumbo limeshuka zaidi ya nusu. Naswali kwa kusimama na nainuka mwenyewe, polepole. Sukari imebaki, ndiyo maana niko nanyi. Na mgongo umerudi vile vile, leo umeniamsha alfajiri. Namshukuru Mungu, namshukuru Mwanajuma, na yule binti Mungu amzidishie.

Msinifahamu vibaya. Wengi wetu tunanenepa kwa wali, sukari na kukaa, na mie cherehani langu lina sehemu yake. Lakini ukijinyima na mwili haushuki, au unajaa mahala pamoja na kwengine unakwisha, usikubali kuchekwa. Sema yote unayotia kinywani, asali, majani, unga, hata ulichopewa na mamako. Na ukigundua kuwa ndicho, usikitupe, njoo nacho. Na ukimwona mtu mnene, tafadhali, biriani yake mwachie mwenyewe.

La mwisho, kisha nakaa kimya. Yupo jirani yangu, Bi. Kazija, magoti yanamtesa, na haya ninayokusimulieni nilimsimulia yote barazani kwangu, miezi kadhaa iliyopita. Akasikiliza, akanililia, akanishika mkono. Halafu akaniuliza, "Lakini Fundi, mgongo ulipoa?" Sikuweza kusema uongo. Nikamwambia ulipoa siku ya tatu. Akasema, "Basi nielekeze anakaa wapi huyo mtu." Nikakataa, nikamgombeza, nikamwomba. Akainuka akaenda zake.

Kaitafuta mwenyewe mpaka kaipata. Leo asubuhi nimemkuta hapa, na kanipa ruhusa niseme. Ndiye yule, mwisho wa benchi, mnayemwambia kanawiri. Chupa imo kwenye mkoba wake, na kaniambia kaamka mikono haina nguvu hata ya kufunga kanga. Zamu yangu ilikuwa ya kwanza, nampa yeye. Nakuombeni mumpishe apite.