Avoka Iliyorudi Nyumbani

Nakumbuka mpaka leo asubuhi ile tuliporudi Kiringye kutoka ukimbizini Burundi, mimi, mama mkwe wangu na watoto wangu wawili, tukakuta uwanja wetu mweupe kama kiganja. Nyumba ilikuwa imesimama, ila mabati hayapo. Lakini miti, mwanangu! Askari waliokaa pale walikuwa wameikata yote, wakaifanya kuni. Mama mkwe hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisiki cha avoka, tunda ambalo ninyi mliosoma mnaliita parachichi, akakaa karibu yake na kukipapasa kama mtu anayepapasa mgonjwa.

Nakuhadithia haya kwa sababu juzi ulikuja kwangu na furaha. Umepata kiwanja Kavimvira, na mkononi ulikuwa na miche uliyonunua mpakani, kila mmoja umefungiwa picha ya tunda kubwa linalong'aa. Ukaniuliza, "Koko, bibi yangu, nianze na upi?" Sikukujibu. Jibu langu ni refu, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Leo umeketi.

Basi, mama mkwe wangu aliitwa Nabintu. Baba wa watoto alikuwa amebaki Bujumbura kutafuta kazi, kwa hiyo uwanja ule ulikuwa wetu sisi wanawake wawili. Mimi nilitaka tupande mapapai peke yake. Papai halikawii, na wanangu walikuwa wametoka ukimbizini shingo nyembamba kama mabua ya mtama.

"Mama," nikamwambia, "tupande ya haraka tu. Hii vita inaweza kurudia. Avoka itatukuta wapi?"

Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema taratibu, "Papai iko muzuri, panda. Batoto biko na njaa ya leo. Lakini kesho nayo iko na njaa yake. Ile ya kesho weye utaipa nini?"

 Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaona kwenye jalala mche wa avoka umejiotea, unene wa kalamu. Nikamwita kwa shangwe: tazama, Mungu ametupa bure! Alipouona alicheka, na hicho ndicho kilichokuwa kicheko chake cha kwanza tangu tuvuke mto Ruzizi kurudi.

"Mbegu ya avoka haifanane na mama yake," akasema. "Unaweza kungoja miaka, halafu inakupa tunda ya maji-maji, ya kutupia nguruwe. Huyu tutamufanya miguu. Kichwa tutakiomba kwa Venansia."

Jina lile sikulitegemea. Mama Venansia alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji wa mpunga, mwenye kusema Kirundi. Zamani tulikuwa tunaombana chumvi na moto. Halafu vita vikapita katikati yetu. Watu wake walisema vijana wetu ndio walioonyesha askari nyumba zao, na watu wetu walisema hivyo hivyo juu ya vijana wake. Nani alisema kweli, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba kijana wake mmoja alikuwa amekufa, na tangu turudi hatukuwa tumesalimiana.

"Kwa nini usiende weye mwenyewe, mama?" nikauliza.

Akaugusa ule mche mwembamba. "Akinikatalia miye, sitaweza kuinua tena macho upande ule. Weye uko kijana. Weye utavumilia."

Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Nilivuka mfereji, nikasimama mbele ya uzio wake. Avoka yake ilikuwa imesimama nyuma ya jiko, kubwa, imebeba. Mama Venansia alikuwa anafagia. Aliponiona aliacha kufagia, lakini hakusema karibu.

"Mwaramutse, mama," nikamsalimu kwa lugha yake.

Alinitazama mpaka nikatamani kurudi. Kisha akauliza, "Nabintu iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Amenituma. Anaomba kijiti cha avoka yako, cha kuunga kwenye mche wetu."

 Aliingia jikoni, akatoka na avoka moja iliyoiva na kisu, akaipasua na kunipa nusu. "Onja kwanza," akasema. "Muntu haombe muti asiyejua tunda yake."

Nikaonja. Ilikuwa laini, nzito, tamu kama karanga, haina uzi hata mmoja. Na niliijua. Ulimi wangu uliijua kabla yangu mimi. Ilikuwa ladha ileile niliyopewa na chumvi kidogo, siku nilipofika Kiringye nikiwa bibi arusi. Machozi yakaanza kunitoka, na yeye akayaona.

"Njo hiyo," akasema, yaani ndiyo hiyo, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii muti ilitoka kwenu. Baba mukwe wako njo alimupatia bwana yangu kijiti, wakati weye hujaolewa. Ile yenu imekatwa, lakini haijakufa. Iko hapa."

Tukalia sote wawili pale nyuma ya jiko. Hatukutaja vita. Alimtaja kijana wake kwa jina, nami nikamwambia pole, ile pole niliyopaswa kuivusha mfereji siku ya kwanza.

Kesho yake alikuja mwenyewe, vijiti amevifunga kwa jani la mgomba visikauke. Mama mkwe alitoka nje akasimama. Wazee wale wawili walishikana mikono muda mrefu, kisha wakaanza kubishana juu ya mahali pa kupanda kama watu walioachana jana jioni.

Hapo ndipo nilipojifunza. Nilitaka avoka iwe chini, karibu na mfereji, ili ipate maji. Mama Venansia akakataa: avoka ikisimama kwenye maji mizizi inaoza, iweke juu, kule ardhi inakolegea. Chini iachie migomba, yenyewe ndiyo yenye kiu. Papai nalo lisikae penye matope, na katika shimo moja uweke miche kadhaa, maana mingine hutoka dume, haizai. Ikionyesha maua utajua wa kung'oa. Ndimu ikae kwenye uzio, miiba yake ilinde. Chungwa uchague lile ambalo mtu wa bonde hili hili amelila, si lile linalosifiwa na wapita njia. Tukauhamishia kule juu mche wa jalalani, halafu akaukata, akaupasua, akachonga kijiti na kukiingiza, akafunga kwa ukanda wa nailoni. Mikono yake ilikuwa mipole, kama anafunga kitovu cha mtoto.

Mapapai yalitulisha upesi, kama nilivyotaka, na shingo za wanangu zikanenepa. Lakini nami sikuwa nimekosea juu ya vita. Vilirudi. Tulikimbia tena, na safari hii mama mkwe hakurudi. Tulimzika ukimbizini, mbali na miti yake. Mama Venansia miguu ilikuwa imekataa safari, akabaki kijijini.

Niliporudi sikutegemea kitu. Mapapai yalikuwa yameanguka, uzio umeliwa na moto. Lakini pale juu, kwenye ardhi iliyolegea, avoka ilikuwa imesimama, imenipita kimo, imetoa maua. Mama Venansia alikuwa ameketi karibu yake na jembe lake.

"Askari walikuja kutafuta kuni," akaniambia. "Nikabambia, huyu muti ni wangu, musimuguse." Akanitazama kama mtoto anayengoja kugombezwa. "Sikudanganya, si ndiyo?"

"Hukudanganya, mama," nikamwambia, nikapiga magoti nikamkumbatia.

Sasa sikia, mwanangu. Picha iliyofungwa kwenye mche haina ladha. Kabla hujapanda, zunguka Kavimvira, piga hodi kwa majirani, uliza ni mti gani umezoea joto letu na chumvi ya udongo wetu, na uombe kuonja tunda lake. Usipande aina moja tu, maana ugonjwa mmoja utakuachia uwanja mweupe. Panda cha haraka kwa ajili ya njaa ya leo, na cha polepole kwa ajili ya wale usiowajua bado. Tazama maji yanasimama wapi mvua ikinyesha. Na ukiwa na mti mzuri, usiufungie uani kwako. Wape watu vijiti, hata wale ambao hamsalimiani, hasa wao. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono unaoshika, mvua za wakati wake, na amani ya kutosha kula ulichopanda. Na wanaopita mbele ya uzio wako wapate kivuli, wakutaje kwa jina lako kwa wema.