Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Mkuu

Watu wanadhani kufundisha watoto wa miaka minne ni kukaa nao. Na wanakwambia usoni bila haya: "Wewe si unakaa tu na watoto?" Kukaa! Mwanamke ninayetaka kuwasimulia habari zake hajakaa tangu alipoajiriwa, na hiyo ni miaka kumi na tisa. Akiinama kumfunga mmoja kamba za viatu, wa pili anamwonyesha jino linalocheza. Akilishika jino, wa tatu keshachovya kofia ya mwenzake kwenye ndoo. Walimu wenzake walimwita Mama Leso, kwa sababu mifuko ya gauni lake la kazi ilijaa leso za kufutia kamasi, na kila leso aliijua ni ya pua ya nani.

Darasa lake lilikuwa mwisho kabisa wa jengo, karibu na matangi ya maji. Hakukuwa na dawati hata moja. Katikati kulikuwa na sanduku la mchanga lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, pembeni mabeseni mawili ya maji, donge la udongo wa kufinyanga lililofunikwa kwa gunia bichi, na kopo lililojaa vizibo vya chupa vilivyotobolewa katikati. Asubuhi nzima watoto walimimina, wakafinyanga, wakabana, wakatunga vizibo kwenye uzi. Kelele zake, usiniulize. Darasa la tano walishalalamika mpaka wakachoka.

Basi mwanzoni mwa mwaka akaja Mwalimu Mkuu mpya. Nisimsingizie, mtu wa watu yule, hana roho mbaya hata kidogo. Tatizo lake alipenda vitu vilivyonyooka: foleni, tai, kingo za daftari. Siku moja mzazi mmoja akamjia ofisini, akamtupia daftari mezani. Daftari lilikuwa jeupe pee. "Mwanangu ana miezi mitano hapa," mzazi akafoka, "hajaandika hata a! Kila siku ananiletea mchanga masikioni!" Mkuu akaona haya. Wiki haikuisha akawa ameagiza madawati ishirini, kisha ndiyo akamwita Mama Leso.

"Mwalimu, Jumatatu ijayo madawati yanaingia kwako. Ule mchanga tutafukia nao mashimo ya pale getini. Watoto waanze kuandika."

Mama Leso akatikisa kichwa. "Mkuu, vidole vyao bado."

"Bado nini?"

"Bado havina nguvu ya kalamu. Mchanga na udongo ndivyo vinavyovipa nguvu."

"Mwalimu, mimi nimekaa chuo miaka mitatu. Sikuona somo linaloitwa mchanga."

Hapo ndipo angenyamaza, akajipanga. Hakunyamaza. Akasema kwamba Jumamosi kulikuwa na mkutano wa walimu wa watoto wadogo kutoka nchi sita, kwa njia ya mtandao, na kwamba Mkuu aje asikilize mwenyewe wenzao wanafanyaje.

"Nitakuja," Mkuu akasema, akitabasamu. "Na wakisema watoto wao wanakaa kwenye madawati na kuandika, je?"

"Wakisema hivyo, mchanga nitautoa mwenyewe kwa koleo!"

Ona sasa. Mdomo huo! Alitoka ofisini anajilaumu. Hakuwa na habari hata kidogo hao wenzake wa nchi sita wanafundishaje. Alikuwa hajawahi kuonana nao.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. "Mke wangu, umeweka dau kwa mchezo ambao hujui hata timu zake!" Lakini alikuwa mume mwema, akamshonea blauzi mpya ya buluu yenye kola ya kutisha. Blauzi tu. "Kamera inaonyesha nusu, na mimi nashona nusu," akasema. Binti yao, aliyekuwa karani, akamwazima kompyuta na kumwandikia hotuba ya kurasa mbili iliyoanza na "Waheshimiwa washiriki." Mama Leso akaisoma mara sita. Kila alipofika kwenye neno "waheshimiwa" ulimi ulijikwaa.

Jumamosi saa nne wakakaa ofisi ya walimu. Kompyuta waliiweka juu ya maboksi mawili ya chaki ili kamera isimpige Mama Leso puani. Binti upande huu, hotuba mkononi. Nyuma yao Mkuu, na tai yake, na daftari lake, na kalamu tayari.

Sura zikaanza kujitokeza kwenye kioo, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika arobaini na moja. Wote walizungumza Kiswahili, ila kila mmoja na cha kwao. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akasema kila mtu ataje kinachomuumiza kichwa na kinachomfurahisha kazini.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa kilemba cha njano. Alikuwa na watoto tisini na bomba moja la maji. "Nawakalisha watatu watatu kwenye dawati," akasema, "na kuandika tunaanza wiki ya kwanza. Daftari likiwa tupu wazazi wananijia juu." Nyuma ya Mama Leso kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi.

Wa pili, vilevile. Madawati, a mpaka u, kazi ya nyumbani juu. Mkuu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayeshinda na hataki ionekane. Mama Leso akahesabu kimoyomoyo. Nchi mbili kati ya sita, na bado hajafungua mdomo.

Wa tatu alikuwa mwanamume mwenye ndevu, aliyefundisha kwenye hema watoto waliokimbia vita. "Mimi sina dawati, sina hata ukuta," akasema. Mwanzoni akina mama walimtilia shaka, mwanamume anatafuta nini kwa watoto wadogo. "Sasa wananilalia mapajani wanne wanne. Miguu inakufa ganzi, saa ya kufunga nashindwa kusimama!" Watu wakacheka. Halafu akasimulia furaha yake. Kulikuwa na msichana aliyekaa miezi mitano bila kutoa neno. Wiki iliyopita mwalimu huyo alitaka kumsaidia kushika kijiko, na yule mtoto akamwambia "hapana," akamnyang'anya kijiko. "Hapana! Jamani, nilifurahi nusura nipige kelele." Mama Leso alimpenda yule mtu papo hapo.

Aliyefuata ndiye aliyeharibu. Alianza vizuri tu: "Sisi walimu wa vidudu..."

"Wa nini?" mtu akadakia. "Mtoto wa watu unamwita kidudu?"

"Ni neno la mapenzi! Kwetu tunasema hivyo tangu zamani!"

"Kwetu ni chekechea."

"Chekechea! Kwani ni unga huo, mnauchekecha?"

"Sisi tunasema bustani ya watoto."

"Bustani! Asubuhi mnawamwagilia?"

Ikawa vurugu. Watu arobaini na mmoja ambao kazi yao ni kuwafundisha wengine kusubiri zamu, hakuna aliyesubiri. Mwenyekiti anaita "jamani, jamani," hakuna anayemsikia. Kompyuta ikaanza kukwama. Binti akaziba masikio.

Na mikono ya Mama Leso ikafanya yale iliyozoea kufanya kwa miaka kumi na tisa, haikumwomba ruhusa. Pa! Pa! Pa-pa-pa! "Mikono juu!" akaamrisha. "Mikono kichwani! Mikono mabegani! Kidole... mdomoni!"

Kimya.

Yarabi, nimefanya nini, akawaza. Nimewaamrisha watu wazima! Akainua macho kwa woga. Kwenye kioo, watu arobaini na mmoja kutoka nchi sita walikuwa wamekaa wima, kila mmoja na kidole mdomoni. Mwenyekiti naye, miwani imemteleza. Mama Leso akageuka nyuma. Mwalimu Mkuu, mtu wa tai na miaka mitatu ya chuo, naye alikuwa ameweka kidole mdomoni. Alipoona anatazamwa akajifanya anakuna sharubu.

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kufuta machozi. Mwenyekiti akasema, "Wewe mwenye blauzi ya buluu! Umenyamazisha nchi sita kwa makofi matano. Haya, sema wewe."

Binti akamsogezea hotuba. Mama Leso akaitazama. "Waheshimiwa" ikagoma kutoka. Akaisukuma pembeni.

"Jamani, chukueni karatasi na kalamu," akasema. "Kalamu mkono wa kushoto. Andikeni majina yenu yote matatu, mwandiko mzuri, ndani ya mstari. Na Mkuu wangu hapa pia."

"Mimi mkono wangu ndio huo huo wa kushoto!" mwenye ndevu akasema.

"Basi wewe tumia wa kulia, mjanja wewe."

Vichwa vikainama. Hapo Mama Leso akainuka ili aone vizuri, na sketi yake ya kazini, yenye rangi tatu na gundi, ikaonekana na dunia nzima. Hakujali. Akawa anatembea nyuma ya Mkuu mikono mgongoni. "Haraka! Mwenzako keshamaliza! Mbona umepinda? Futa! Kaa vizuri! Umri wote huo hujui kuandika jina lako? Nitamwambia mama yako!"

Mkuu aliandika ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Herufi ya kwanza ikawa kubwa kama kikombe, ya pili ikaanguka nje ya mstari, kwenye ya nne kalamu ikatoboa karatasi. Jasho likamtoka puani. Jina la pili hakulimaliza.

Mama Leso akarudi kukaa. Sauti ikawa ya chini sasa.

"Hakuna hapa aliyesahau jina lake. Kichwa kinalijua, vidole ndivyo vinakataa. Sasa hebu jiwekee miaka minne, na mikono yako yote miwili iwe ya kushoto."

Kisha mwanamke wa kilemba cha njano akawasha sauti yake. "Nina mtoto anatapika kila Jumatatu akiona daftari," akasema. "Nilimwambia mama yake anadeka." Akapitisha kiganja usoni. "Dada, wewe unafanyaje?"

Akamweleza. Mchanga, udongo, vizibo na uzi. Kwamba vidole viwili vinavyobana kizibo ndivyo vitakavyoshika kalamu mwakani. Maswali yakamiminika. Kizibo unakitoboa na nini? Watoto tisini nitawagawaje? Mchanga ukiingia machoni? Mkutano ukapita muda wake kwa saa nzima, na hakuna aliyetaka kuaga wa kwanza. Mama Leso alikuwa anang'aa. Alikuwa amefanya kazi hii peke yake mwisho wa jengo miaka yote hiyo, kumbe alikuwa na ndugu arobaini na mmoja.

Alipogeuka, Mkuu alikuwa amekunja karatasi yake na kuitia mfukoni. "Jumatatu, Mwalimu," akasema, akaondoka.

Jumatatu nini? Jumatatu hivi au Jumatatu vile? Jumapili yote hakula vizuri. Mumewe alipomtania kwamba koleo liko nyuma ya mlango, alimtazama mpaka akarudi kwenye cherehani yake.

Na Jumatatu lori likaja kweli. Watu wanne wakashusha dawati la kwanza, wakaja nalo moja kwa moja hadi mlangoni pake. Mama Leso hakulia. Nchi mbili zilikuwa zimesema madawati, na yeye alikuwa ametoa neno mbele ya mtu. Akachukua koleo, akawaambia watoto wasogee, akachota mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu macho yakaanza kumchoma.

"Ninyi! Mnapeleka wapi hayo?" Mkuu alikuwa anakuja mbio, tai imerukia begani. "Nimesema darasa la tatu! Wale ndio wanaandikia magotini! Rudisheni!" Akafika mlangoni anahema, akaona koleo. "Na wewe, Mwalimu, unafanya nini?"

"Nilisema nitautoa mwenyewe, Mkuu. Na walisema madawati."

"Walisema. Halafu wakakuuliza wewe unafanyaje." Akashusha pumzi. "Jana nimeandika jina langu mara kumi na nne kwa mkono ule. Mke wangu alidhani nimepatwa na ugonjwa. Wazazi wakija kuuliza daftari, walete kwangu, nitawapa kalamu. Lete hilo koleo."

Akalichukua, akachota mchanga uliokwisha kutolewa, akauelekeza kwenye shimo aliloliacha Mama Leso sandukuni. Likasikika yowe la watoto.

"Usifukieee!"

Watoto walikuwa wamekwisha mimina maji shimoni. Sasa kilikuwa kisima, na kisima kilikuwa na wenyewe. Mkuu akasimama koleo juu, hajui pa kulishusha, akamtazama Mama Leso amwokoe. Mama Leso hakuweza. Alikuwa amejishika mbavu anacheka, machozi yanamtiririka, anapapasa mifukoni apate leso yoyote.

"Niweke wapi basi?" Mkuu akawauliza watoto.

"Weka hapa," akaamriwa. "Siyo hapo! Hapa! Na uvue viatu."

Akavua.