Blanketi na Bonge la Barafu

Aliyenisimulia ni jirani yangu, muuza samaki wa pale Kibirizi. Mwalimu wa darasa la nne alimwomba barafu, naye akabaki dirishani kutazama.

“Blanketi linatoa joto?” mwalimu aliuliza.

“Linatoa!” darasa zima likajibu.

Binti mmoja mkimbizi akatikisa kichwa. “Halitoi, mwalimu. Kambini tulilala wanne kwa blanketi moja. Wenzangu wakiamka, mimi nabaki nalo peke yangu, natetemeka.”

Wakamcheka. “Basi funika barafu, tuone kama haitayeyuka!”

Mwalimu akafunika bonge moja kwa blanketi, la pili akaliacha wazi. Kufika mapumziko, la wazi lilikuwa maji. Lililofunikwa bado gumu. Kumbe blanketi halitoi joto, huzuia tu lisipite. Kicheko kikaisha.

Nikajiuliza: sisi tunaolala kila mtu na blanketi lake tungejulia wapi?

Asubuhi iliyofuata nilimkuta bombani mama wa yule binti, ambaye kila siku tulipishana naye kimya. Nikawahi kumsalimu, tena kwa Kirundi, lugha ya kwao.