Ubao wa Keram Uliopita kwa Tochi

Nikiri mapema: ubao wa keram niliutengeneza mwenyewe, nikaupima kwa tochi ya simu niliyoishika juu kabisa, mwanga ukashuka wima kama jua la saa sita. Sikuona kivuli hata kimoja. Nikasema umelainika, nikaupaka vanishi mikono mitatu. Sikujua kwamba ukimulika kwa juu, hata barabara ya Maneromango, na mashimo yake yote, inaonekana lami.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu kubwa mwaka ule ilikuwa kwenda Kisarawe kununua plaiwudi ya ubao huo, na niliporudi Visiga nilipumzika siku mbili. Wachezaji wa mtaani walitaka ubao mpya. Wakiukubali wangu, mchezo ungehamia barazani kwangu, nami nisingetoka tena.

Jumamosi wakaja wanne, wamebeba na ule wa zamani, eti kwa tahadhari. Wa tano alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mama fundi cherehani, ambaye hajafungwa keram tangu tumjue.

"Unang'aa huu!" mmoja akasifu.

"Hata matope yanang'aa," mama akasema. Akatoa kipande cha shifoni, kitambaa chepesi cha kunasa kwa urahisi, akakiburuza ubaoni. Kikanasa. Akakiburuza tena, kikaacha nyuzi.

"Mama, hicho kitambaa kina matatizo yake. Mimi nimepima kwa jicho."

"Lete hiyo tochi. Ilaze hapa ukingoni."

Nikailaza. Mwanga ulipopita chini chini, kila kiupele kikatoa kivuli kirefu. Kumbe nilikuwa nimechonga milima ya Kisarawe na kuipaka vanishi.

"Tochi nayo inakuza mambo," nikajitetea.

"Si tochi yako?"

Nikaomba kete iamue. Nikaipiga kwa ufundi wangu wote. Ikaenda shibiri mbili, ikagonga kilima, ikaruka ukingo, ikatua uani, ambako jogoo aliikagua kwa mdomo, kwa utaalamu wake, akaitema.

Hapo hakuna aliyebisha. Wakabeba ubao wao wa zamani, wakaanza kuvuka kwenda barazani kwa mama. Nikawapigia kelele kutoka barazani, msuli kiunoni, wanipe wiki moja tu, nipige msasa upya. Mama akageuka pale pale katikati ya barabara:

"Jirani, ubao huo hata uulambe, mchezo hauji kwako. Vaa suruali, uvuke."