Mpira Mwembamba wa Zimamoto

Shule niliiacha darasa la sita, kwetu Kisawasawa, lakini kuuliza maswali sikuacha. Nimekata miwa, nimefyatua matofali, nimevua samaki upande wa Lupiro. Mwaka huo nilikuwa Ifakara. Asubuhi niliosha magari, mchana nilibeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Katika magari niliyoosha lilikuwemo la zimamoto. Ukifungua mlango wake wa ubavuni unakuta gurudumu la chuma lililozungushiwa mpira mweusi, mwembamba, mrefu sana. Nikamuuliza dereva kwa nini gari kubwa namna ile libebe mpira mdogo. Alikuwa mtu mzima na hakuchoka kuulizwa.

"Ile mipana ya turubai lazima uitandaze yote ndipo maji yapite," akasema. "Huu mgumu, haulali bapa. Maji yanapita hata ukiwa umezungushwa hapa. Mtu mmoja anavuta urefu anaoutaka, anafungua mdomoni, anafunga mdomoni. Maji ya tangi hayapotei."

"Na mtu wa pili?"

"Anasimama hapa kwenye gurudumu, anamlegezea. Mpira ukikaza, mwenzake kule mbele amekwama."

Akaniruhusu kujaribu. Niliuvuta mpaka getini, nikaurudisha kwa kuzungusha gurudumu huku naufuta vumbi. Siku hiyo nilichelewa kazini, na sikujuta.

Kule mashineni kulikuwa na ghala la mbao ambamo wakulima waliweka mpunga wao wakisubiri bei nzuri. Mle ndani yalikuwemo magunia ishirini na mbili ya mama mmoja wa kijiji cha Mbingu, mavuno yake yote ya mwaka. Nilikuwa nimelima kibarua kwake msimu mzima, na nilipougua homa aliniuguza kama mtoto wake. Yeye alitaka kuuweka mpunga nyumbani. Mimi ndiye niliyemshawishi: "Mama, panya watakumalizia. Ulete mashineni, mimi nipo pale kila siku." Akauleta kwa sababu ya neno langu tu.

Kiangazi kikiwa kimekolea, mchana mmoja rundo la pumba nyuma ya ghala likaanza kutoa moshi. Nadhani kuna mtu alimwaga majivu ya jikoni yenye kaa, ingawa hakuna aliyekiri. Pumba za mpunga huungua kwa ndani. Juu unaona kijivu tu, chini moto unatembea. Huu ulikuwa umetembea mpaka kwenye ukuta wa ghala, na upande wa pili wa ukuta ule yalipangwa magunia ya mama.

Tulimwaga ndoo za maji, yakateleza juu ya rundo yakaenda mtaroni. Mtu mmoja akataka tubomoe ukuta tumwage maji mpaka ndani. Mzee wa ghala akamzuia kwa mikono miwili. "Mpunga ukilowa utaota! Utakuwa umeokoa nini?"

Gari la zimamoto lilipofika, halikuweza kupita kwenye kichochoro kati ya mashine na vibanda. Akashuka askari wa kike, mfupi, akautazama ukuta, akakitazama kichochoro, kisha akafungua mlango wa ubavuni na kuushika ule mpira mwembamba. Watu wakacheka.

"Afande, umekuja kumwagilia mchicha?" fundi baiskeli akamtania.

"Ukimaliza kucheka, tafuta koleo," akajibu bila kugeuka, akaingia kichochoroni.

Wavuvi wanne waliokuwa wameleta samaki kwa baiskeli wakaurukia mpira wamsaidie. Roho nzuri walikuwa nayo. Ila mikono yao ilifanya inachokijua: wakakita visigino, wakaegemea nyuma, wakaukaza kama kamba ya wavu wa kokoro, mmoja akaanzisha na wimbo. Kule mbele afande akakwama, hatua kumi kabla ya moto.

"Jamani, huu si wavu!" nikapiga kelele. "Legezeni!"

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayeuosha!"

Wakacheka, lakini wakalegeza. Nikakimbilia kwenye gurudumu. Dereva alikuwa kwenye pampu. Aliponiona akatikisa kichwa tu kunikubalia. Mvuvi mmoja nikamweka kwenye kona aunyanyue mpira usikwaruzwe na bati, wengine waupitishe mabegani kwenda mbele. Ukaanza kutoka mkononi mwangu, taratibu, bila kukwama. Nimeshika kamba nyingi maishani, lakini sijawahi kujiona wa maana kama dakika zile.

Afande alifungua, akafunga. Ukuta aliunyunyizia maji laini kama manyunyu, ukalowa nje tu. Kisha wabebaji tukachimbua pumba kwa makoleo, naye akalowesha kila tabaka lililofunuka. Fundi baiskeli alichimba kuliko wote. Moshi mweusi ukawa mvuke, mvuke ukaisha. Dereva akatazama kipimo, akatangaza kwa sauti ili wote wasikie kwamba maji ya tangi hayajapungua hata nusu.

Jua lilikuwa bado juu mama alipofika kwa bodaboda. Habari zilikuwa zimemfikia Mbingu.

"Shikamoo mama."

"Mpunga wangu uko wapi?"

Nikamwingiza ghalani. Mbao za ukutani zilikuwa na weusi upande wa nje, na harufu ya moshi ilikuwepo. Akafungua gunia la kwanza, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za chini kabisa. Akazinusa. Akang'ata moja, ikalia kama inavyolia punje kavu. Akafungua la pili. Hakuruka hata moja, yote ishirini na mbili, na wavuvi walikuwa wamejazana mlangoni pamoja na afande, wakisikiliza meno ya mama.

Alipolifunga la mwisho, akajifuta mikono kwenye kanga, akamuuliza afande kama amekula. Kisha akanigeukia, akanipa simu yake.

"Nilikodi lori lije kuuhamisha, liko njiani. Mpigie dereva. Mwambie ageuze."