Somo la Madam Wangui

Nichekeni tu. Katika chumba cha walimu hapa shuleni Chaka, mimi ndiye niliyempinga sana Madam Wangui, mwalimu mwenzangu wa kemia, anayerekodi somo ili wanafunzi walitazame kwa simu za wazazi nyumbani, na darasani wafanye majaribio tu.

"Huo ni uvivu, Madam," nilimwambia mbele ya wote. "Mwalimu ni chaki."

Kumbe usiku nilizitazama video zake kimyakimya, maana elektrolisisi ilikuwa imenitoka kichwani.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu akaja kunikagua darasani kwangu, Wangui kando yake. Nilifundisha hadi nikajipenda. Nikapapasa ndevu zangu, nikamalizia: "Haya wapendwa, zimeni simu sasa, mkalale."

Darasa zima likaitikia, kwa mazoea: "Usiku mwema, Madam."